Viu ishirini, ripoti moja: kwa nini programu inakesha bila jibu

*"Nasimamia kanzidata ya chama cha ushirika hapa Dodoma. Tunapokea alizeti, mtama na mahindi kutoka AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao) za Kondoa, Chemba na Kongwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Jedwali la stakabadhi limefika mistari milioni mbili na ripoti zimekuwa nzito. Nikatengeneza viu zilizohifadhiwa (majibu ya kweri, yaani swali kwa kanzidata, yaliyowekwa tayari kama jedwali) kwenye programu ya kanzidata ya PostgreSQL, kisha nikaandika programu ya Python inayopokea kweri ya ripoti na kujaribu kila mkusanyiko wa viu, ili ione upi unatoa jibu lile lile bila kugusa majedwali ya msingi. Viu zilipokuwa sita ilijibu papo hapo. Sasa ziko ishirini, naiacha usiku kucha, asubuhi naikuta bado inazunguka. Mwenzangu aliyesoma UDOM anasema tatizo hili ni NP-kamili, halitatuliki, niachane nalo. Meneja anataka tununue seva kubwa. Nani yuko sahihi? Na mbona kuna ripoti ambayo kwa macho yangu viu zinatosha, lakini programu inasema hakuna njia?"*

Ndugu msomaji, umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kwa nini programu inakwama, kama tatizo lenyewe linatatulika, na kwa nini wakati mwingine inakataa kitu unachokiona wazi. Nitayajibu yote, lakini kwanza mzuie meneja asitoe hela. Seva mpya haitakusaidia hapa, na sababu yake ndiyo ufunguo wa mengine yote.

Mistari yako milioni mbili haihusiki na kukwama huko. Programu inapotafuta viu za kujibia ripoti inasoma maandishi tu: kweri ya ripoti upande mmoja, maelezo ya viu upande wa pili. Ungefuta nusu ya stakabadhi leo, programu ingekesha vile vile. Kinachoilemea ni idadi ya mikusanyiko. Viu 6 zina mikusanyiko 64, viu 20 zina 1,048,576. Kila jaribio likichukua sekunde 0.05, hiyo ni zaidi ya saa 14. Kila viu moja unayoongeza inazidisha kazi mara mbili, kwa hiyo seva yenye kasi maradufu itakufikisha viu 21 kwa muda ule ule. Mamilioni ya shilingi kwa viu moja.

Mwenzako hakukosea jina la tatizo, amekosea maana yake. Mwaka 1977 Ashok Chandra na Philip Merlin walionyesha kuwa kuuliza kama majibu ya kweri moja yamo yote ndani ya majibu ya kweri nyingine ni tatizo NP-kamili, hata kwa kweri rahisi zinazochagua na kuunganisha majedwali tu. Mwaka 1995 Alon Levy, Alberto Mendelzon, Yehoshua Sagiv na Divesh Srivastava wakaonyesha hivyo hivyo kwa tatizo lako: kujua kama kweri inaweza kuandikwa upya kwa kutumia viu. Neno NP-kamili linasema kwamba hakuna anayejua njia iliyo ya haraka kwa kila kweri inayoweza kubuniwa, na ugumu huo unapimwa kwa urefu wa kweri na viu. Halisemi kwamba kweri yako yenye majedwali matatu haijibiki. Ripoti kama zako huenda zinagusa majedwali machache tu, na kwa ukubwa huo tatizo hili ni jepesi ukilishika kwa njia sahihi.

Watafiti hao wa 1995 walitoa pia matokeo ambayo programu yako haiyajui. Kama kweri ina majedwali n katika sehemu yake ya FROM, na haina ulinganisho wa kubwa-kuliko au ndogo-kuliko, basi ikiwepo njia ya kuiandika upya, ipo inayotumia viu zisizozidi n. Kwa ripoti ya majedwali matatu huna sababu ya kujaribu mkusanyiko wa viu kumi na moja. Ukiishia kwenye viu tatu kati ya ishirini, mikusanyiko inakuwa 1,350, yaani dakika moja na kidogo kwa kasi ile ile. (Viu moja ikitumika zaidi ya mara moja hesabu inaongezeka, na ukitegemea ufunguo wa jedwali, yaani safu ambayo thamani zake hazijirudii, kikomo kinapanuka, lakini bado uko mbali sana na milioni.) Hata hivyo nisingekushauri uishie hapo, kwa sababu kuna njia isiyohitaji kujaribu mikusanyiko kabisa.

Tuchukue ripoti moja: stakabadhi za alizeti kutoka maghala ya Chemba ambazo hazijalipwa, pamoja na mkulima na kilo. Majedwali ni stakabadhi, yenye namba, mkulima, zao, kilo na ghala. Ghala, lenye ghala na wilaya. Na malipo, lenye namba ya stakabadhi na hali. Kwa mkato (kushoto ya mshale ni kinachotolewa, kulia ni mistari inayotakiwa; herufi kama s ya namba, m ya mkulima, z ya zao, k ya kilo, g ya ghala, w ya wilaya na h ya hali ni vigeu, na kigeu kikijirudia ni thamani ile ile):

Ripoti(s, m, k) ← stakabadhi(s, m, 'alizeti', k, g), ghala(g, 'Chemba'), malipo(s, 'bado')

Na tuseme kati ya viu zako zimo hizi nne:

V1(s, m, k) ← stakabadhi(s, m, 'alizeti', k, g)
V2(s, w) ← stakabadhi(s, m, z, k, g), ghala(g, w)
V3(s, h) ← malipo(s, h)
V4(m, w) ← stakabadhi(s, m, z, k, g), ghala(g, w)

Tengeneza skima ya majaribio, yaani eneo la pembeni ndani ya kanzidata, yenye majedwali yale yale, lakini safu zote ziwe za aina ya maandishi. Humo weka mistari mitatu tu, inayotokana na kweri yenyewe kwa kugeuza kila kigeu kuwa thamani: stakabadhi inapata ('s0', 'm0', 'alizeti', 'k0', 'g0'), ghala linapata ('g0', 'Chemba'), malipo yanapata ('s0', 'bado'). Safu ya kilo inabidi iwe maandishi kwa sababu 'k0' si namba, na hapo wengi hukwama bila kujua kwa nini. Kisha endesha viu zako zote ishirini juu ya mistari hiyo mitatu. V1 itatoa (s0, m0, k0), V2 itatoa (s0, Chemba), V3 itatoa (s0, bado), V4 itatoa (m0, Chemba). Viu ya mtama haitatoa kitu. Itupe, haiwezi kusaidia ripoti hii. Kazi yote hiyo ni ya sekunde moja au chini ya hapo.

Sasa unganisha matokeo yote yaliyotoka kuwa kweri moja kubwa. Hiyo ndiyo kweri iliyobanwa kuliko zote zinazoweza kujengwa kwa viu zako bila kupoteza majibu ya ripoti. Nayo ikishindwa kulingana na ripoti, hakuna mkusanyiko mwingine wowote wa viu hizo utakaoweza. Jaribio moja limechukua nafasi ya milioni moja. Ikilingana, anza kuondoa kipande kimoja kimoja: ondoa V4, pima tena, bado inalingana, basi haikuhitajika. Endelea hadi usiweze kuondoa kingine. Utabaki na jibu lisilo na ziada. Huenda lisiwe fupi kuliko yote yanayowezekana, maana kutafuta fupi kabisa ni kazi ngumu nyingine, lakini kwa ripoti ya ofisini linatosha.

Kupima kulingana nako PostgreSQL inakufanyia. Badilisha kila viu kwa maelezo yake ya ndani, vigeu vilivyofichwa vipewe majina mapya, geuza kweri hiyo iliyofunuliwa kuwa mistari kama mwanzo, kisha endesha ripoti ya asili juu yake. Ikirudisha (s0, m0, k0), zinalingana. Isiporudisha, hazilingani.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la tatu. Chukua V1, V2 na V3 zilizounganishwa kwa namba ya stakabadhi. Kwa macho zinatosha: V1 inatoa kilo za alizeti, V2 inatoa wilaya, V3 inatoa hali ya malipo. Zifunue uone:

stakabadhi(s0, m0, alizeti, k0, g1), stakabadhi(s0, m2, z2, k2, g2), ghala(g2, Chemba), malipo(s0, bado)

Ripoti inadai ghala la stakabadhi ya alizeti liwe ndilo lililoko Chemba. Stakabadhi ya alizeti iko ghala g1, la Chemba ni g2, na hakuna kinachosema g1 na g2 ni kitu kimoja. Programu inakataa, na kwa taarifa ulizoipa iko sahihi. Wewe unaona zinatosha kwa sababu kichwani unajua namba ya stakabadhi haijirudii. Mwambie kompyuta hilo pia: namba s0 ikiwa ufunguo, mistari miwili yenye s0 ni mstari mmoja, hivyo m2 ni m0, z2 ni alizeti, k2 ni k0, na g2 ni g1. Fanya muunganiko huo kabla ya kuendesha ripoti, rudia hadi pasiwe na mistari ya kuunganisha, na jibu litageuka kuwa ndiyo. Fanya hivyo pia kwenye ile mistari ya mwanzo, kabla ya kuziendesha viu.

Lakini hakikisha ufunguo huo ni wa kweli. Kama vitabu vya stakabadhi huanza upya kila ghala, namba hujirudia. Tuseme namba 4051 ya Kondoa ni kilo 300 za alizeti za mkulima 117, na namba 4051 ya Chemba ni kilo 90 za mtama za mkulima 208, nayo haijalipwa. Muunganiko wa V1, V2 na V3 utamwandika mkulima 117 kuwa anadai kilo 300 za alizeti katika ghala la Chemba. Hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea, na ripoti itasomwa mezani kama ilivyo. Pima kabla ya kuamini: panga jedwali kwa namba ya stakabadhi kwa GROUP BY, kisha tafuta zenye mistari zaidi ya mmoja. Zikipatikana, ufunguo halisi ni ghala na namba kwa pamoja, na jedwali la malipo lenyewe linahitaji safu ya ghala, la sivyo hata ripoti yako ya asili ina kasoro.

Ukitaka kujiepusha na utegemezi huo, tengeneza viu isiyoficha safu inayounganisha. V1 ikitoa pia ghala, na ukawa na viu ya ghala na wilaya, muunganiko wa hizo mbili na V3 ukifunuliwa ni ripoti yenyewe neno kwa neno, bila kuhitaji ufunguo wowote. Viu nyingi hushindwa kutumika kwa sababu hii tu: mtengenezaji aliacha safu aliyoiona haina kazi. Algoriti ya MiniCon, iliyobuniwa na Rachel Pottinger na Alon Halevy, inatumia kanuni hii kupunguza kazi mapema: viu ikificha kigeu kinachounganisha majedwali mawili ya ripoti, viu hiyo lazima iyabebe yote mawili yenyewe, ama iachwe. Ipitishe kanuni hiyo kwa macho juu ya viu zako ishirini, utaona zipi ni za kutengeneza upya.

Ugumu wa NP utakuuma siku jedwali moja litakapojirudia ndani ya kweri. Ripoti inayolinganisha stakabadhi za mkulima kwa misimu sita inaita jedwali la stakabadhi mara sita, na viu yenye sura hiyo hiyo inaweza kuoana nayo kwa njia hadi 6 kwa kipeo cha 6, yaani 46,656. Jedwali likijitokeza mara moja tu ndani ya ripoti, kila kipande cha viu kina mahali pamoja pa kwenda na cha kutafuta kinapungua sana. Kwa hiyo kabla ya kuogopa ripoti, hesabu majedwali yanayojirudia, usihesabu mistari.

Kuhusu jumla na wastani, yote niliyosema yanahusu kuwepo au kutokuwepo kwa mstari, hayahesabu umejirudia mara ngapi. SUM(kilo) inahesabu. Viu yenye DISTINCT inameza mistari inayofanana, na muunganiko wa ziada unaizidisha. Kwa hali zote mbili tani zitakuwa za uongo. Weka ufunguo ndani ya kila viu utakayoijumlisha. Wastani wa wilaya haupatikani kwa kuchukua wastani wa wastani za maghala, hivyo hifadhi SUM na COUNT, ugawanye mwishoni. Idadi ya wakulima tofauti nayo haijumlishiki, kwa sababu mkulima mmoja anaweza kupeleka maghala mawili. Tarehe zina sharti lake: kipindi cha viu kiwe kinafunika kipindi cha ripoti chote, na safu ya tarehe iwe imebaki nje ili uweze kuchuja. Ukishaweka ulinganisho wa aina hiyo, lile jaribio la mistari michache pekee halitoshi kuthibitisha.

Kuna hali moja ambapo hofu ya wingi wa data ni ya haki. Kama AMCOS hazikutumii majedwali ya msingi bali dondoo tu, basi huandiki kweri upya ili uharakishe. Unatafuta majibu ambayo ni ya hakika kwa chochote kile kilichoko nyuma ya dondoo hizo. Serge Abiteboul na Oliver Duschka walilichambua hili mwaka 1998. Ukichukulia kwamba dondoo ni za kweli ila huenda hazijakamilika, kweri za kuunganisha tu zinajibika kwa muda unaokua taratibu kadiri data inavyokua. Ukidai kwamba dondoo zimekamilika kabisa, kwamba kisichoandikwa hakipo, kazi inakuwa ngumu kwa wingi wa mistari yenyewe. Amua mapema ni dai lipi unalolitoa, na liandike juu ya ripoti.

Sasa uchague nini? PostgreSQL ina viu zilizohifadhiwa tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, ila yenyewe haigeuzi kweri yako ili izitumie. Oracle inafanya hivyo, hata ina utaratibu wa EXPLAIN_REWRITE unaokueleza kwa nini viu fulani ilikataliwa, na SQL Server inaweza kuoanisha viu zenye faharasa (index). Zote mbili ni za leseni ya kulipia na kuhama kuna gharama yake. Kwa ofisi yenye ripoti kumi na tano au ishirini zisizobadilika, ushauri wangu ni kuandika upya mara moja, kwa njia ya mistari michache niliyoeleza, kisha kuhifadhi kweri mpya ndani ya programu ya ripoti. Kinachobadilika kila siku ni tarehe na jina la wilaya, sura ya kweri haibadiliki. Hakuna sababu ya kutafuta upya kila anapobonyeza mtu. Na ripoti mbili au tatu zikiwa ndizo pekee nzito, jaribu kwanza faharasa kwenye majedwali ya msingi. Huenda usihitaji viu kabisa.

Usisahau kuzihuisha viu kwa pamoja. V1 ya saa mbili asubuhi na V3 ya jana jioni hazielezi hali moja, na uthibitisho wote hapo juu unakuwa bure. Fungua muamala mmoja wa REPEATABLE READ, unaosoma data kama ilivyokuwa kwa wakati mmoja, endesha REFRESH MATERIALIZED VIEW zote humo, kisha funga. Ukitumia CONCURRENTLY ili wasomaji wasizuiwe, kila viu inahitaji faharasa ya kipekee.

Tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana kama ripoti zina NOT EXISTS au EXCEPT. Kwa kweri za aina hiyo bila mipaka, hakuna algoriti inayoweza kujua kila mara kama mbili zinalingana, jambo linalotokana na kazi ya Boris Trakhtenbrot ya mwaka 1950. Huko ndiko neno la mwenzako, "halitatuliki", linakostahili. Tafuta mtu pia kama ripoti ndiyo inayotoa malipo ya wakulima au inakwenda kwa mkaguzi. Msimamizi wa kanzidata mwenye uzoefu, au mhadhiri wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma, ataweza kukusaidia ukimpelekea kweri za ripoti, maelezo ya viu zote, funguo za kila jedwali, idadi ya mistari, na matokeo ya EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS) ya ripoti iliyo nzito kuliko zote. Majina na namba za simu za wakulima ziache ofisini: hazihitajiki kwa kazi hii, na zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.